Pome: wekundu wa ganda siyo alama ya utamu

Mapome mengi yanayouzwa Lubumbashi yanatoka Afrika Kusini, kwenye mashamba ya Elgin na Ceres yasiyo mbali na Cape Town, na yanaingia kwa malori kupitia Kasumbalesa. Mnunuzi mwenye haraka anachagua lile jekundu zaidi, linalong'aa kama limepakwa mafuta. Akifika nyumbani, mara nyingi anakuta ganda gumu, na ndani nyama laini isiyo na maji, kama unga.

Kosa siyo la mchuuzi. Tunda hilo lilitengenezwa hivyo, polepole, kwa muda wa miaka mia moja.

Aina hiyo inaitwa Red Delicious, na Afrika Kusini ndugu zake wanauzwa kwa majina ya Starking na Topred. Mti wake wa kwanza uliota wenyewe huko Iowa, Marekani, katika miaka ya 1870, kwenye shamba la Jesse Hiatt. Inasimuliwa kwamba mzee huyo aliukata mara mbili kwa sababu uliota nje ya mstari, nao ukachipuka tena, hadi akauachilia. Pome lake halikuwa jekundu kabisa: lilikuwa na mistari myekundu juu ya rangi ya njano, na lilikuwa tamu sana. Katika miaka ya 1890, kampuni ya miche ya Stark, ya jimbo la Missouri, ililitambua katika mashindano ya matunda, ikanunua haki ya kuliuza na kulipa jina la Delicious.

Kilichofuata kinaeleweka kwa mtu anayejua namna mti wa pome unavyozaliwa. Ukipanda mbegu tano za pome moja, utapata miti mitano isiyofanana, na mingi itazaa matunda madogo na machungu. Mbegu haimfuati mama. Ili kupata pome lile lile, ni lazima kukata kijiti cha mti unaoupenda na kukiunganisha kwenye shina la mti mwingine, kazi ileile ambayo wakulima wetu wa avoka na machungwa wanaiita grefe. Kila Granny Smith duniani, kwa mfano, ni kijiti cha kijiti cha mti mmoja ulioota mwaka 1868 kwa Maria Ann Smith, mwanamke mkulima wa Eastwood, karibu na Sydney, Australia. Na mwaka 1914, kampuni hiyo ya Stark ilipopata mti wa Golden Delicious huko West Virginia, iliujengea kizimba chenye kengele ili mtu asije usiku kuiba vijiti.

Lakini mara moja moja, tawi moja linajigeuza lenyewe na kuzaa tunda tofauti kidogo. Katika miaka ya 1920, kwenye jimbo la New Jersey, tawi moja la Delicious lilianza kuzaa mapome yanayowiva mekundu mapema kuliko mengine. Vijiti vyake vikauzwa haraka: hiyo ndiyo Starking. Baadaye likapatikana tawi lingine jekundu zaidi, na lingine. Kila mara wakulima walichagua rangi, kwa sababu pome linalowahi kuwa jekundu linaweza kuchumwa mapema, kabla sukari haijakaa vizuri. Walichagua pia ganda nene, linalovumilia safari na miezi mingi ndani ya frigo. Hakuna aliyekusudia kuua utamu. Ulipotea tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiuangalia.

Katika miaka ya 1980, Red Delicious ilikuwa karibu robo tatu ya mavuno ya jimbo la Washington, ambalo linaongoza Marekani kwa mapome. Halafu walaji wakachoka. Hasara ikawa kubwa hadi mwaka 2000 serikali ya Marekani ikatoa pesa kuwaokoa wakulima. Mwaka 2018, baada ya kushika nafasi ya kwanza kwa zaidi ya miaka 50, Red Delicious ilipitwa na Gala, pome dogo lenye mistari lililozaliwa New Zealand.

Aina za zamani, ambazo leo zinatunzwa na watu wachache, zilikuwa kila moja na kazi yake. Bramley, ya mji wa Southwell huko Uingereza, ilitokana na mbegu iliyopandwa mwaka 1809. Ni chungu mno kwa kuliwa mbichi, lakini ikipikwa inavunjika yote na kuwa uji mwepesi. Calville Blanc d'Hiver ya Ufaransa, yenye mbavu kama ndogondogo za boga, inachumwa ikiwa ngumu na inapata harufu yake ikiwa ghalani. Ashmead's Kernel, ya Gloucester, ina miaka karibu 300. Ganda lake ni la kahawia na linakwaruza kama la kiazi, na mtu asiyeijua angeipita bila kuiangalia. Walioionja wanaihesabu kati ya tamu kuliko zote.

Tusizipambe kupita kiasi. Aina nyingi za zamani zinazaa mwaka huu na kupumzika mwaka ujao, zinashikwa na ugonjwa wa madoa, au zinachubuka zikiguswa kidogo. Nyingine zilisahauliwa kwa sababu hazikuwa na sifa yoyote. Huko Brogdale, katika jimbo la Kent, Uingereza inatunza aina zaidi ya 2,000 za pome, na siyo zote zinazofaa mezani.

Aina mpya zilijaribu kurudisha mdomo mahali pa jicho. Honeycrisp, iliyoanza kutengenezwa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1960 na kutolewa mwaka 1991, ina vijumba vikubwa vya maji ndani ya nyama yake. Ukiuma vinapasuka, na juisi inajaa mdomoni. Kwa mkulima ni mtihani, maana ganda lake ni jembamba. Cosmic Crisp ni mtoto wake: ilianzishwa mwaka 1997, ikafika madukani mwaka 2019, na kwa miaka ya kwanza ni wakulima wa Washington peke yao walioruhusiwa kuipanda Marekani. Pink Lady nayo ni jina la biashara. Tunda la mti uleule lisilofikia kiwango cha rangi na sukari linauzwa kwa jina la Cripps Pink. Zamani kijiti kilipita kutoka jirani hadi jirani. Leo kina mwenyewe na karatasi za sheria.

Kwa mnunuzi wa hapa kwetu, msaada upo kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya pome. Namba yake inataja aina na ukubwa: 4015 na 4016 ni Red Delicious, 4133 na 4135 ni Gala, 4129 na 4131 ni Fuji, 4020 na 4021 ni Golden Delicious, 4017 na 4139 ni Granny Smith, 4128 na 4130 ni Cripps Pink. Kati ya hizo, mwenye kutaka utamu wa wazi aanze na Gala au Fuji.

Na kupanda je? Mti wa pome unahitaji miezi ya baridi ili ulale. Bila hiyo, unachipua ovyo na hauzai vizuri. Ndiyo maana Red Delicious haifai karibu na ikweta. Lakini katika milima ya Kigezi, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Rutshuru, wakulima wanapanda aina mbili zinazoridhika na baridi kidogo: Anna, iliyotengenezwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyookotwa Bahamas. Nyanda za juu za Lubero zina baridi ya namna hiyo. Katika inchi nyingine za joto, kama Indonesia, wakulima wanavua majani yote kwa mkono baada ya mavuno ili kuudanganya mti kwamba msimu wa baridi umepita.

Zote mbili zinapandwa karibu karibu, maana Anna inahitaji unga wa maua ya aina nyingine ili ishike mimba vizuri. Mwenye kununua mche wa Anna peke yake ataona maua mengi na matunda machache.