Kifo cha Ghafla Kibanjani

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba, kuku wa kienyeji hushinda chini ya migomba wakijitafutia wadudu na makombo. Hutokea asubuhi moja mwenye nyumba akakuta watatu wamekufa. Baada ya juma moja wamebaki bata tu. Jirani mmoja hutaja sumu, mwingine kijicho. Hata hivyo, vifo vyenyewe vina mpangilio uwezao kuchunguzwa.

Yafaa kuuliza kwanza: wamekufa wangapi, wa umri gani, na kwa muda gani? Kuku mmoja akifa peke yake, yawezekana aliumwa na nyoka au alikula sumu. Vifaranga wakiharisha damu na kufa huku wakubwa wakiwa wazima, vijidudu vya utumbo hushukiwa. Lakini wakifa wa kila umri, nyumba baada ya nyumba, mshukiwa wa kwanza ni mdondo, uitwao pia kideri. Kunusurika kwa bata hakuuondoi mdondo katika orodha, kwani bata huweza kubeba virusi vyake bila kuugua.

Mdondo ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java, na pia karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ambao jina lake ndilo lililoshika vitabuni. Dalili ni kinyesi cha kijani, kuhema mdomo ukiwa wazi, kupooza na shingo kupinda. Lakini aina kali ya virusi huweza kuua kabla dalili yoyote haijaonekana. Tangu virusi viingie mwilini hadi kuku augue hupita siku 2 hadi 15, mara nyingi 5 au 6. Kwa hiyo kuku aliyenunuliwa gulioni Kamachumu akiwa mchangamfu aweza kuingiza maradhi kijijini. Mfugaji anayeharakisha kuwauza waliosalia huokoa shilingi chache, na huwapelekea wengine msiba. Uchungu wake waeleweka. Madhara yake ni makubwa mno.

Tiba hakuna. Viuavijasumu havidhuru virusi, na pilipili na mshubiri havijathibitishwa kuwa tiba. Kinga ndiyo iliyopo: chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti uliofanyika Queensland, Australia, na ambayo hutengenezwa pia nchini Tanzania. Hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ambazo huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, jambo gumu kijijini pasipo jokofu. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne, latosha. Kuku akiwa tayari mgonjwa, halimwokoi.

Tena macho peke yake hayatoshi kuamua. Januari 2017 mafua makali ya ndege yalithibitishwa Uganda, kando ya Ziwa Viktoria, hadi wilaya ya Masaka iliyo kaskazini mwa Kagera, nayo huua kuku kwa namna inayofanana sana na mdondo. Kwa hiyo mwanafunzi asipasue mzoga nyumbani. Huarifiwa ofisa mifugo wa kata, naye huweza kupeleka sampuli Mwanza, kwenye kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Mizoga mingine huchomwa au kufukiwa katika shimo refu, mbali na mbwa.