Kabla ya kununua kibodi, fikiria anayelala

MWANAFUNZI anayeandika tasnifu usiku katika chumba anacholala na ndugu zake ana swali ambalo muuza duka hamwulizi: je, kibodi hiyo itawaamsha?

Kibodi nyingi za bei nafuu zina utando wa mpira chini ya vibonye. Zile za mekanika ni tofauti. Kila kibonye kina swichi yake yenye springi, ndiyo maana hudumu miaka mingi na bei yake ni ya juu.

Swichi hizo hutambuliwa kwa rangi. Chukua zile za kampuni ya Cherry ya Ujerumani, ambazo wengi wameziiga. Nyekundu ni nyepesi na hushuka bila kukwama. Wapenda michezo ya kompyuta huzisifu, lakini mwenye vidole vizito atajikuta ameandika herufi asizokusudia. Buluu ni nzito zaidi na hulia "tik" kila unapobonyeza. Aliyezoea taipureta atafurahi. Aliye kitandani hatafurahi hata kidogo! Kahawia humwonjesha kidole kijigongo njiani, bila mlio huo. Kwa nyumba yenye watu wengi, mimi ningechukua hizo.

Si kwamba ni kimya kabisa. Kibonye kikigonga chini husikika, ingawa kitambaa kinene chini ya kibodi hupunguza kishindo.

Ukiwa dukani, usijaribu herufi moja tu. Andika aya nzima. Uliza pia kama swichi zaweza kung'olewa bila kuchomelewa upya. Ukikosea rangi, utanunua swichi nyingine na kubaki na kibodi ileile.