Safu au sombe: mtoto apewe nini?

Hivi karibuni tulimtembelea mama mmoja wa kanisa huko Lubunga, ng'ambo ya mto. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa ametoka katika matibabu ya utapiamlo. Mlangoni palikuwa na beseni la safu na mafungu ya sombe, vyote vya kuuzwa sokoni mjini. Kwa fedha hizo alitaka kumnunulia mtoto biskuti na maji ya sukari yenye rangi. Hatukumlaumu. Sisi wenyewe tukienda kumwona mgonjwa, tunabeba nini mkononi?

Akatuuliza: kama ni kubakiza kimoja nyumbani, abakize safu au sombe?

Safu ni tunda la mafuta. Nyama yake ikikaushwa, karibu nusu yaweza kuwa mafuta. Kwa hiyo safu chache zilizolainishwa katika maji ya moto zinampa mtoto nguvu nyingi bila kulijaza tumbo lake dogo. Maji ya sukari hayana mafuta wala protini.

Sombe ina kazi nyingine. Gramu 100 za majani mabichi ya muhogo zina protini karibu gramu 7, wakati mzizi wake, ambao ndio ugali na chikwanga yetu, una gramu 1 hivi tu. Tunakula sana mzizi, kisha tunayadharau majani! Tena sombe ina chuma, na ina kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ya kulinda macho na kupigana na magonjwa. Lakini vitamini hiyo haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Ndiyo maana bibi zetu walitia mawese. Mawese mekundu yana vitamini hiyo pia, ila ukiyachoma mpaka yawe meupe, umeiharibu.

Jambo moja tusilifanyie haraka: majani ya muhogo yana sumu. Yatwangwe vizuri, kisha yachemshwe muda wa kutosha, sufuria ikiwa wazi ili sumu itoke na mvuke. Kuchemsha huko huua sehemu kubwa ya vitamini C, kwa hiyo kipande cha papai au chungwa baada ya chakula ni kizuri. Husaidia na chuma kuingia mwilini.

Tulimjibu mama abakize vyote viwili, kidogo kidogo. Ikibidi kimoja, basi sombe, kwa sababu mafuta ya safu atayapata katika mawese, karanga au avoka. Sombe peke yake hata hivyo haimtoshi mtoto anayepona: aongezewe samaki wa kusagwa, yai au maharage, na siku za kurudi kituo cha afya zisikose.

Alitoa mafungu mawili ya sombe na safu kumi, akaviweka ndani. Beseni lililobaki likaenda mtumbwini.