Michezo ya Karamu ya Kufunga Mwaka

Karamu nyingi za kufunga mwaka hupooza mara chakula kiishapo: wazee huketi upande mmoja, vijana upande wa pili, na mgeni hubaki peke yake. Michezo myepesi huwaunganisha.

Kwanza ni viti. Watu 10 huzunguka viti 9 ngoma ikilia; inyamazapo, kila mtu hukimbilia kiti. Akosaye hutoka, na kiti kimoja huondolewa.

Pili ni kuvuta kamba, mchezo uliokuwamo katika Olimpiki tangu mwaka 1900 hata 1920. Wazee na vijana wachanganywe kila upande.

Mwisho ni vitendawili. Hapa bibi asiyeweza kukimbia ndiye bingwa: wakishindwa kumjibu humpa mji, ndipo awafumbulie. Basi asiwepo mtu wa kutazama tu.