Serikali mtandao na kijana wa steshenari

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, foleni huwa steshenari. Wahitimu wa kidato cha sita hupanga mstari na wazazi wao, wakimsubiri kijana mwenye kompyuta, skana na printa awajazie fomu. Kijana huyo si mtumishi wa umma, lakini kwa Watanzania wengi yeye ndiye mlango wa serikali mtandao.

Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa nchi mamlaka kamili ya kusimamia eneo hili, eGA. Leo kampuni husajiliwa kwa mtandao na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kazi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal, na maombi ya cheti cha kuzaliwa huanzia kwenye mfumo wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Hatua hizo ni kubwa, na anayekumbuka safari za kwenda Dar es Salaam kufuata muhuri mmoja hawezi kuzibeza.

Tatizo linaanza pale ofisi inapodhani kwamba kupandisha fomu mtandaoni ndiko kutoa huduma. Tazama hayo maombi ya mkopo. Kwa miaka mingi mwombaji amepaswa kwanza kuhakikiwa cheti chake cha kuzaliwa na RITA, kisha apeleke uthibitisho huo Bodi ya Mikopo. Fomu akishaijaza mtandaoni, huichapisha, akatafuta sahihi ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa na wa kamishna wa viapo, halafu karatasi hizo zikaskaniwa na kurudishwa mtandaoni. Mwananchi amefanywa tarishi kati ya kompyuta mbili za serikali moja. Kazi ngumu, na yenye faida zaidi, ni kuiunganisha mifumo yenyewe ili taasisi ziulizane, naye aulizwe mara moja tu. Tovuti ya kupendeza haiwezi kuziba pengo hilo.

Tunao mfano wa nyumbani wa jambo lililofanywa vizuri. Mfumo wa malipo ya serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017, humpa mlipaji namba moja ya kumbukumbu. Namba hiyo hulipiwa benki, kwa wakala au kwa simu ya mkononi, hata kitochi kisicho na intaneti. Fedha huingia kwenye akaunti ya serikali bila kupita mfukoni mwa karani, na ofisi inayodai huona papo hapo kwamba deni limelipwa. Waliousanifu hawakudai kila mtu awe na simu janja. Menyu ya huduma za serikali kwa simu, *152*00#, nayo imefuata njia hiyo hiyo ya kutohitaji intaneti, na ningependa kila taasisi ianzie hapo kabla ya kufikiria tovuti.

Turudi steshenari, maana kuna hatari isiyozungumzwa vya kutosha. Mifumo mingi hudai barua pepe na nywila. Asiye na barua pepe hufunguliwa moja palepale, nywila ikabaki kwa aliyemfungulia. Miezi ikipita, ujumbe wa kumwita kwenye usaili au wa kumtaka arekebishe fomu unaingia kwenye sanduku asiloweza kulifungua. Nakala ya kitambulisho chake cha taifa cha NIDA imebaki kwenye kompyuta ya duka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini bado haijawa mazungumzo ya kawaida kwenye maduka hayo.

Rwanda ililitambua pengo hili mapema. Huduma za Irembo, jukwaa la serikali mtandao la nchi hiyo, huambatana na mawakala wanaotambulika, waliosambaa hadi vijijini, ambao kazi yao ni kumsaidia asiyeweza kujaza mwenyewe. Nasi tungeweza kuwasajili vijana wetu wa steshenari, kuwapa mafunzo ya siku chache, bei elekezi ibandikwe ukutani, na kila mmoja awe na akaunti ya wakala ili asilazimike kuingia kwa jina la mteja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kujenga mfumo mwingine mpya.

Wakati hilo likisubiriwa, msomaji, ukienda kujaziwa fomu hakikisha namba ya simu iliyoandikwa ni yako. Andika nywila yako mwenyewe, na usiondoke mpaka nakala za vyeti vyako zimefutwa kwenye kompyuta hiyo mbele ya macho yako.