Tuwavute Vijana kwa Mchezo

Kijana wa kiume anapokuwa shuleni hana haja ya kuhimizwa kufanya mazoezi. Anatembea kwenda na kurudi, anacheza chandimu jioni, anasaidia shambani. Akimaliza shule mambo hubadilika. Mwenye bodaboda hukaa juu ya pikipiki kutwa nzima. Mwenye duka hukaa kitini. Asiye na kazi hukaa kijiweni, simu mkononi. Wazazi wanamwona bado ana nguvu, basi hawana wasiwasi.

Hatari yake haionekani upesi. Shinikizo la damu, kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo hujijenga polepole kwa miaka mingi, mara nyingi bila maumivu yoyote. Kijana anayekaa tu akiwa na miaka 25 anaweza kuanza kuugua akiwa na miaka 40, wakati watoto wake bado wanasoma na wanamtegemea.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Akifanya mazoezi makali, dakika 75 hadi 150 zinatosha. Tena aimarishe misuli yake angalau siku mbili kwa juma. Nusu saa kwa siku, siku tano za juma, inatosha kufikia kiwango cha chini.

Kwa nini maonyo hayasaidii?

Vijana wengi wanajua kwamba mazoezi ni mazuri. Shida ni kwamba faida yake iko mbali, lakini uchovu ni wa leo. Mchezo humpa kijana kitu cha leo: pointi, wenzake wanaomngojea, na hamu ya kushinda.

Jambo hili limejaribiwa. Huko Framingham, Marekani, magonjwa ya moyo yamekuwa yakichunguzwa tangu mwaka 1948. Matokeo ya jaribio moja la huko yalitangazwa mwaka 2017. Walishiriki watu wazima 200 wa familia 94, na kila mmoja alijiwekea lengo la hatua kwa siku, zaidi ya kawaida yake. Baadhi ya familia ziliingizwa katika mchezo wa majuma 12. Mwanzo wa juma familia ilipewa pointi 70. Kila siku jina la mmoja wao lilichaguliwa kwa bahati. Ikiwa hakufikia lengo siku iliyopita, familia nzima ilipoteza pointi 10. Waliocheza waliongeza hatua zipatazo 1,700 kwa siku, na wengine 640 hivi. Mchezo ulipokwisha hatua zilipungua, lakini waliocheza bado walikuwa mbele.

Siri yake ni nini? Mtu huumia zaidi kupoteza alichokwisha kupewa kuliko kukosa asichokuwa nacho. Tena hakuna aliyejua jina la nani litatoka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuwaachia wengine kazi.

Lakini tujue pia kwamba mchezo huchosha. Mwaka 2016 mchezo wa simu uitwao Pokémon Go uliwatoa vijana wengi nje. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba juma la kwanza wachezaji waliongeza karibu hatua 1,000 kwa siku. Kufikia juma la sita nyongeza hiyo ilikuwa imekwisha.

Tufanyeje nyumbani?

1. Undeni kundi la watu wanne hadi sita: ndugu, majirani au marafiki.

2. Kila mmoja ajiwekee lengo kulingana na hali yake: hatua, ikiwa simu yake inazihesabu, au dakika za kutembea na kukimbia.

3. Jumatatu andikeni pointi 70 kwenye karatasi ukutani. Wekeni majina yote katika kopo. Kila jioni toeni moja. Kama mwenye jina hakufikia lengo lake siku hiyo, futeni pointi 10.

4. Mkiwa makundi mawili, walioshindwa wawapikie chai washindi. Msiwekeane fedha, maana hapo mchezo unakuwa kamari.

5. Kila baada ya majuma manne badilisheni: kuruka kamba, mpira, au kupanda kilima.

Tahadhari: aliyekaa muda mrefu bila mazoezi aanze polepole. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu amwulize mganga kwanza. Anayesikia maumivu ya kifua au kizunguzungu aache mara moja na aende zahanati.

Nanyi akina baba, msibaki watazamaji. Majina yenu nayo yaingie katika kopo. Kijana atatoka nje kwa moyo zaidi akijua kwamba jioni huenda likatoka jina la baba yake.