Nasaba na umoja wa ukoo katika delta ya Rufiji

Nasaba na umoja wa ukoo katika delta ya Rufiji ni namna ambavyo familia za wilaya za Kibiti na Rufiji, katika Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, hutunza habari za asili yao na kukutana kama ndugu. Kazi hiyo hufanywa na wazee, vikao vya ukoo na vyama vya familia vyenye viongozi, daftari na mfuko wa michango.

Eneo na watu

Mto Rufiji huingia Bahari Hindi kwa matawi mengi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Delta yake ina msitu mkubwa kabisa wa mikoko katika Afrika ya Mashariki. Kata za Salale, Maparoni, Mbuchi, Kiongoroni na Msala ziko Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka ile ya Rufiji katika miaka ya 2010. Wenyeji ni hasa Wandengereko, Warufiji na Wanyagatwa, na wengi wao ni Waislamu. Hulima mpunga, huvua samaki na hukata boriti za mikoko, ambazo zamani zilisafirishwa kwa majahazi hadi Zanzibar na Uarabuni.

Jinsi ukoo unavyohesabiwa

Jina la mtu hufuata upande wa baba: fulani bin fulani, au binti fulani. Hata hivyo undugu wa pwani hauishii hapo. Mwanaanthropolojia Mwingereza Pat Caplan, aliyefanya utafiti kaskazini mwa Mafia katika miaka ya 1960, alieleza kwamba huko mtu huhesabiwa katika koo za baba na za mama pia, na huweza kuchagua ukoo wa kukaa nao na kulima nao.

Hesabu hiyo hupanuka haraka. Kila mtu ana wazazi 2, babu na bibi 4, na wazazi 8 wa hao babu na bibi. Kwa hiyo kitukuu mmoja anaweza kudai undugu katika koo 8. Ndoa za binamu hupunguza idadi hiyo, kwa kuwa mzee yuleyule huonekana mara mbili katika nasaba.

Sababu za nasaba kupotea

Mafuriko ni sababu mojawapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali ilihamisha watu wengi wa bonde la mto kwenda vijiji vipya katika miinuko. Ndugu waliokuwa jirani walitawanyika, na makaburi ya wazee yakabaki mbali. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliikumba tena Rufiji na Kibiti. Vijana wengi nao huhamia Dar es Salaam kutafuta kazi.

Sababu nyingine ni utumwa. Baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873, misafara ya watumwa kutoka Kilwa ilipita nchi kavu kuelekea kaskazini, ikivuka Rufiji. Katika sehemu nyingi za pwani, asili ya utumwa ilikuwa jambo la aibu, hivyo baadhi ya familia zilinyamaza au zilijipatia asili nyingine.

Mikutano ya ndugu

Ndugu hukutana zaidi kwenye misiba, arobaini, hitima, harusi na sikukuu za Idi. Hapo wazee huwatambulisha watoto kwa shangazi, wajomba na binamu wasiowajua. Chama cha familia huongezea michango ya matibabu, mazishi na ada za shule.

Mirathi na ardhi

Nasaba ina uzito wa kisheria. Mtu akifariki, kikao cha ukoo kwa kawaida humpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Kiislamu hugawa mafungu kulingana na undugu: binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Ndugu wa mbali wa upande wa mama, ambaye kwa desturi anaweza kulima shamba la ukoo, huenda asirithi chochote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki miliki ya kimila, nayo huweza kutolewa kwa mtu mmoja au kwa familia. Kwa hiyo jina lililosahaulika linaweza kumkosesha mtu shamba.

Kuandika nasaba

Majina kama Mohamedi, Salumu na Fatuma hurudiwa kila kizazi, kwa sababu wajukuu hupewa majina ya babu na bibi. Daftari zuri huandika pia jina la mama, jina la utani, kijiji cha kuzaliwa na mahali pa kaburi. Miaka hukadiriwa kwa matukio: Vita vya Majimaji (1905–1907), kuzama kwa manowari ya Kijerumani Königsberg deltani mwaka 1915, au mafuriko makubwa. Mzee aliyekuwa anatambaa wakati wa mafuriko ya 1968, kwa mfano, huandikwa kuwa alizaliwa mwaka 1967 hivi.